Kusoma utabiri wa upepo na mawimbi kabla ya kuvuka Ziwa Kivu

Hapa Goma, mtu akipanga safari ya majini anauliza: "Kesho mvua itanyesha?" Swali hilo halimfikishi mbali. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, jibu la karibu kila siku ni ndiyo, itanyesha mahali fulani, saa fulani. Simu itakuonyesha kiwingu chenye matone siku saba mfululizo, na mwishowe utaacha kukitazama. Mtu wa majini anapaswa kuuliza hivi: upepo utaamka saa ngapi, utatoka upande gani, na saa hiyo mimi nitakuwa nimefika wapi? Utabiri kwenye Kivu unafaa zaidi kuchagua saa ya kutoka kuliko kuchagua siku.

Mwongozo huu ni wa mwenye simu ya kawaida na mega chache: kapiteni wa boti ya mbao, mama anayeshusha ndizi na makala (makaa ya kupikia) pale bandari ya Kituku, mwalimu anayerudi Idjwi, kijana anayeenda Bukavu na mizigo ya watu. Meli kubwa zina vyombo vyake na watu wake, ingawa hata abiria wa meli kubwa hapotezi kitu akijua kusoma.

1. Kata njia yako vipande kabla ya kugusa utabiri

Fungua ramani kwanza. Kivu limelala kaskazini-kusini kwa kilomita 90 hivi, upana wake mkubwa hauzidi kilomita 50, na katikati kimejilaza kisiwa cha Idjwi chenye urefu wa kilomita 40 hivi. Umbo hilo ndilo linaloamua mawimbi yako. Upepo wa kusini ukivuka ncha ya kaskazini ya Idjwi unapata maji wazi hadi ufuoni kwa Goma na Gisenyi, bila kilima wala kisiwa kikubwa cha kuupunguza. Ukiwa kati ya Idjwi na upande wa Kalehe, upepo uleule unabanwa na milima ya pande zote mbili, unafuata mfereji. Ghuba ya Kabuno, magharibi ya Goma, karibu imefungwa yote, ina mlango mwembamba tu wa kuingilia ziwa kubwa. Unaweza kutoka huko kwenye maji yaliyotulia kabisa na kukuta mambo mengine nje. Na kule Bukavu, rasi na vighuba vinamdanganya msafiri vilevile: maji ya bandarini hayakwambii chochote juu ya maji ya kati.

Kwa hiyo chukua kalamu. Andika unapoanzia, kipande cha maji wazi, na mahali pa kujificha mambo yakiharibika. Kando ya kila kimoja andika saa utakayopita. Boti ya mbao yenye mota moja na mzigo wa kawaida inatembea kilomita 10 hadi 12 kwa saa. Boti ya kasi ya Goma–Bukavu inamaliza safari nzima kwa saa tatu hivi. Tofauti hiyo ni kubwa: wa boti ya kasi anavuka maji wazi kabla jua halijapanda, na wa boti ya mbao aliyetoka saa ileile bado yuko katikati upepo unapoanza.

2. Geuza saa

Utabiri mwingi wa majini duniani umeandikwa kwa saa ya ulimwengu, inayoandikwa UTC au herufi Z. Mashariki ya Congo tuko saa mbili mbele yake. Ukiisoma kwa saa zetu za Kiswahili, njia fupi ni kupunguza nne: 06Z ni saa mbili asubuhi, 10Z ni saa sita mchana, 16Z ni saa kumi na mbili jioni. Kwa 00Z, hesabu 24 toa 4, ni 20, ondoa tena 12: saa nane usiku.

Programu nyingi za simu zinageuza zenyewe, lakini hakikisha umechagua mahali sahihi. Ukichagua Kinshasa, umekosea saa nzima, maana magharibi ya nchi iko saa moja nyuma yetu. Ndivyo ilivyo pia kwa redio: mtangazaji wa Kinshasa akisema hali itabadilika saa nane mchana kwa saa zao, kwetu itakuwa saa tisa.

3. Soma namba mbili za upepo, na usisahau ya pili

Ingia kwenye programu ya upepo. Windy na Windguru zinatumiwa na wengi na zote zina sehemu ya bure. Usiguse jina la mji. Gusa maji, pale kwenye kipande chako cha wazi, kwa sababu ukigusa Goma mjini unapewa upepo wa nchi kavu, unaokwaruzwa na nyumba, miti na mawe ya lava.

Utaona namba ya upepo wa wastani na namba ya mapigo ya upepo, yaani ile misukumo ya ghafla ya sekunde chache. Wastani unakwambia safari itachosha kiasi gani. Mapigo yanakwambia kama boti itainama. Wastani ukiwa 8 na mapigo 11, hali ni ya kawaida. Wastani 8 na mapigo 24 maana yake kompyuta inaona mawingu ya radi ndani ya saa hizo, hata kama rangi ya ramani ni ya kijani na ya kupendeza. Hapo ndipo wengi wanapopotelea: wanaangalia rangi.

Vipimo. Majini upepo unapimwa kwa noti, kwenye simu imeandikwa kt. Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa. Ukiona m/s, zidisha kwa mbili, utapata noti kwa kukadiria. Na kumbuka nguvu ya upepo haipandi sawa na namba yake: kutoka noti 10 hadi 20 kasi imezidi mara mbili, lakini msukumo kwenye ubavu wa boti umezidi mara nne.

Upande wa upepo ni ule unakotoka. "Upepo wa kusini" unatoka Bukavu kuja Goma. Kwa nyuzi ni 180. Ila zile chembe zinazokimbia kwenye ramani ya simu zinaonyesha unakoenda. Watu wanachanganya, kisha wanajificha upande usiofaa wa rasi.

Kama huna simu, au betri imekwisha, kuna skala ya Beaufort, ya yule afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeipanga mwaka 1805. Naipenda kwa sababu inasomwa kwa macho. Kwa noti 7 hadi 10, povu jeupe linaanza kuonekana hapa na pale. Noti 11 hadi 16, povu ni la mara kwa mara na mtumbwi wa kasia unaanza kuhangaika. Noti 17 hadi 21, povu liko kila mahali unapotazama, na matone yanawarukia abiria. Noti 22 hadi 27, mawimbi yamekuwa makubwa, vilele vyote ni vyeupe. Boti ya mbao yenye watu haina kazi huko. Kuanzia noti 34 tunaita dhoruba, na hapo hata wenye meli wanatafuta kamba za kufungia.

Neno moja juu ya moshi wa Nyiragongo, maana hapa kila mtu ni mtaalamu wake. Ule mlima una mita 3,470, na ziwa liko mita 1,460 hivi. Moshi unaoinama kuelekea magharibi unakuonyesha upepo wa juu huko, kilomita mbili juu ya kichwa chako. Upepo wa juu ya maji unaweza kuwa unatoka upande mwingine kabisa kwa sababu ya milima na ya ziwa lenyewe. Tazama moshi wa majiko ya ufuoni na bendera za boti. Hizo ziko kwenye hewa yako.

4. Mawimbi: piga hesabu mwenyewe

Kwenye taarifa za bahari, za Mombasa au Dar es Salaam kwa mfano, mawimbi yanatolewa tayari kwa mita. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo ni shule nzuri hata kwa sisi wa maziwa: inapotoa tahadhari ya "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", unaona jinsi namba mbili zinavyotembea pamoja. Ila jua kwamba urefu unaotangazwa kwenye taarifa za namna hiyo huwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya kundi hilo, wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili ya urefu uliotajwa. Ukiambiwa mita 1, jiandae kukutana na la mita 2.

Kwenye Kivu, ukigusa tabaka la mawimbi unaweza kukuta ziwa tupu, halina rangi. Usidhani maana yake ni maji tulivu. Kompyuta haikulihesabu ziwa lako tu. Wimbi linatengenezwa na mambo matatu: kasi ya upepo, muda uliovuma bila kukatika, na urefu wa maji uliyopita juu yake. Noti 20 zikivuma saa nne au tano juu ya kilomita 40 za maji wazi zinakupa mawimbi ya mita 1 hivi. Noti 10 kwa muda wa saa mbili tatu hazifiki nusu mita. Kwa hiyo ukiona upepo wa kusini wa noti 15 hadi 20 tangu saa nne asubuhi, usivuke saa tisa mchana ukifikiri "ni uleule wa asubuhi". Upepo ni uleule, lakini maji yamekwisha kuamshwa.

Tena mita 1 ya ziwa ni mbaya kuliko mita 1 ya bahari. Baharini wimbi lililotoka mbali linaweza kuja kila sekunde 10, na kutoka kilele hadi kilele kuna zaidi ya mita 150; chombo kinapanda taratibu na kushuka taratibu. La kwetu linakuja kila sekunde nne au tano, vilele vimeachana mita 30 hivi tu. Boti ndefu inajikuta pua iko kwenye wimbi moja na mkia unaingia kwenye lingine.

Kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, kinawadanganya wengi hapo. Mvua hakuna, anga la vumbi na moshi wa mashamba, watu wanaona ziwa ni salama. Lakini ndiyo miezi ambayo upepo wa kusini-mashariki unashika njia na kudumu. Radi zimepungua, mawimbi ya mchana yameongezeka, na ukungu wa vumbi unaficha pwani ya pili.

5. Radi: hapa utabiri unajikwaa, na hapa watu wanakufa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia miaka 16 ya picha za satelaiti, ulipanga maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani. La kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. La pili, na la kwanza Afrika, ni eneo lililopewa jina la Kabare, huku kwetu Kivu ya Kusini: mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Anayevuka Goma–Bukavu anapita kando ya eneo hilo.

Wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache. Kompyuta kubwa za utabiri zinagawa dunia kwa vigae: ile ya Ulaya, ECMWF, ina vigae vya kilomita 9 hivi, data za ile ya Marekani, GFS, zinatolewa kwa vigae vya kilomita 25 na zaidi. Kwa GFS, upana wote wa Kivu ni vigae viwili, na ndani yake milima na maji vimechanganywa pamoja. Hakuna namna itakwambia radi itapiga Minova au Nyabibwe. Inachoweza ni kukwambia hewa ya leo iko tayari kulipuka, na kuanzia saa ngapi.

Fanya hivi. Tafuta kipimo kinachoandikwa CAPE. Ni akiba ya nguvu iliyomo hewani ya kuinua mawingu. Ikiwa chini ya mia chache, mawingu hayana moto mkubwa. Ikipita 1,000 mchana, hesabu kwamba mahali fulani kando ya ziwa wingu litasimama. Halafu angalia saa inapoanza kupanda. Mara nyingi mchana mawingu yanazaliwa juu ya milima, kwa kuwa miteremko imechomwa na jua, na baadaye yanateremka. Usiku mambo yanageuka: hewa baridi inashuka kutoka milimani pande zote, inakutana juu ya maji yenye joto, na inaweza kuinua wingu katikati ya ziwa kabla ya alfajiri. Ndiyo maana kutoka "mapema sana" si dawa ya kila siku. Saa kumi usiku siku nyingine ni mbaya kuliko saa moja asubuhi.

Linganisha kompyuta mbili, ECMWF na GFS, na usihesabu wastani wake. Moja ikisema upepo unaamka saa tano na nyingine saa nane, panga safari kwa saa tano.

Angalia pia taarifa za watu, maana kompyuta haina macho. Mettelsat ndiyo idara ya taifa ya hali ya hewa. Upande wa pili, Meteo Rwanda inatoa utabiri na maonyo kwa wilaya, na Rubavu, Karongi na Rusizi ziko kwenye maji haya haya. Wingu haliombi jeton mpakani. Wakitoa onyo la mvua kubwa na upepo kwa magharibi ya nchi yao, lichukue kama limeandikiwa wewe.

6. Alfajiri: satelaiti, kisha wavuvi

Utabiri wa jana jioni ulikuwa wa kupanga. Wa alfajiri ni wa kuamua. Kabla ya kushuka bandarini fungua picha ya satelaiti. Inabadilika kila dakika 10 au 15. Usitazame picha moja, rudisha nyuma saa mbili na uiache icheze. Madoa meupe yanayokua na kuelekea kwenye maji yako ndiyo unayotafuta. Madoa yanayotawanyika na kufifia ni ya jana, yameshamaliza kazi.

Kisha nenda kwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Wamelala katikati ya ziwa kwenye mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwa juu ya maji, na wanajua kitu ambacho satelaiti haioni. Uliza kwa adabu, na uliza swali lenye jibu:

"Papa, pole na kazi. Upepo wa usiku ulitokea wapi?"

"Toka saa tisa ulishuka upande wa Kalehe. Baridi sana, mama. Tulitoa nyavu mapema."

"Na sasa?"

"Sasa umelala. Lakini kule nyuma ya Idjwi bado kunawaka."

Kwa maneno hayo machache umepata upande, saa, na ushahidi kwamba radi ya usiku haijaisha. Ukiuliza tu "ziwa liko vizuri?" utajibiwa "liko vizuri, twende", hasa kama unayemuuliza ndiye anayeuza tiketi.

7. Mpaka wako uandike jana

Mtu akishafika bandarini, mzigo umepakiwa, wateja wanapiga simu, hawezi tena kuamua kwa akili baridi. Namba za kukataa safari ziandikwe jioni, nyumbani. Hizi ni zangu, mwenye chombo bora au uzoefu mkubwa atazisogeza kidogo: mtumbwi wa kasia, mapigo yasizidi noti 12; boti ya mbao yenye mota, wastani usizidi 12 na mapigo yasizidi 18; boti ya kasi, mapigo yasizidi 22. Ngurumo ikisikika ufuoni, hakuna anayeondoka mpaka dakika 30 zipite bila ngurumo nyingine.

Namba hizo ni za boti yenye mzigo wake wa haki. Ubao wa pembeni ukiwa karibu kugusa maji, hakuna utabiri unaokufaa. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imeshaona Kituku, watu wamesimama ufuoni wanaiangalia. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Baada ya ajali nyingine ya Kalehe, mwezi wa nne 2019, Rais aliagiza kila abiria avae jile, yaani koti la kuokolea majini. Jile iliyofungwa kwenye rundo nyuma ya mapipa si jile. Ivae kabla ya kuondoka na ufunge kamba zake. Majini hakuna mtu anayeweza kuvaa jile huku anameza maji.

Abiria ana haki ya kuuliza. "Kapiteni, tunapita wapi, na upepo ukiamka tunajificha wapi?" Kapiteni mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Akicheka au akikwambia "Mungu yupo", subiri boti nyingine. Mungu yupo kwenye hiyo nyingine pia.

8. Ukikutwa kati

Wingu la radi linatuma mjumbe: upepo wa baridi wa ghafla, unaotangulia mvua. Majini utaona mstari mweusi unakuja mbio juu ya uso wa maji, na nyuma yake pazia la kijivu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde 30 ni kilomita 10. Wingu linalotembea kilomita 30 kwa saa litakufikia kwa dakika 20, na kwa dakika hizo boti yako ya mbao inaenda kilomita 4 tu. Kwa hiyo usihesabu kama utawahi kufika uendako. Hesabu ufuo gani uko ndani ya kilomita 4, na ugeuze sasa.

Kama hakuna ufuo: punguza mota, usiizime. Elekeza pua kwenye mawimbi kwa mshazari kidogo, usitoe ubavu. Watu wakae chini, sakafuni, wasikimbilie upande mmoja kukwepa maji. Na bashi, lile turubai la kando ambalo kila abiria anataka literemshwe mvua ikianza, lipandishe upepo ukiwa mkali. Likiwa limeteremshwa linashika upepo na kuiinamisha boti, na boti ikigeuka linawafungia watu ndani. Heri wote waloane. Simu ziingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabla ya hapo, siyo wakati huo.

Ukifika ufuoni usiku upande wa kaskazini, kuanzia Goma hadi Sake, usilale kwenye shimo au bonde dogo karibu na maji eti kwa sababu limekingwa na upepo. Mazuku inakaa palepale: ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, na usiku usio na upepo ndio inajaa. Panda juu kidogo, hata kama kuna baridi.

Baada ya mvua kubwa, kesho yake maji yanaweza kuonekana kama mafuta, hayana kasoro. Tembea polepole karibu na midomo ya mito, hasa upande wa Kalehe. Mafuriko ya mwezi wa tano 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, yalionyesha mito ile inaweza kubeba nini kwa muda mfupi. Magogo yanaelea usawa wa maji na huyaoni mpaka yagonge. Karibu na Bukavu, plastiki nayo inafanya kazi hiyo hiyo kwenye propela.

9. Daftari

Utabiri wa simu haujui pembe yako ya ziwa, ila kosa lake mara nyingi ni lilelile. Nunua daftari la shule. Kila safari andika mstari mmoja: simu ilisema noti ngapi, toka upande gani, saa ngapi, na wewe uliona povu la namna gani, saa ngapi. Baada ya msimu mmoja utajua, kwa mfano, kwamba kwenye mfereji wa Idjwi namba ya GFS inahitaji kuongezwa noti tano ukiwa mchana, au kwamba upepo unatangulia saa nzima kabla ya ule ulioandikwa. Daftari hilo liache ndani ya boti, kwenye mfuko wa nailoni, ili anayekupokea usukani naye alisome na aandike ya kwake.